Jina Lililoitwa Kituoni

Kila jioni, treni ya kutoka Naga ikishapita na vyombo kwenye kabati vikiacha kutetemeka, Lola Conching, 'bibi' Conching kwa lugha ya huku, alikuwa na lake moja. Alichomeka sindano kwenye ndala aliyokuwa akiishona, akanyanyuka kwa kushika magoti, akaenda kusimama mlangoni. Hapo aliwaita watu wa nyumba yake waingie ndani, mmoja mmoja, hata kama wote walishaingia na wako mezani wanakula.

"Rommel, ingia ndani. Jovelyn, ingia ndani. Ningning, ingia ndani. Onyok, ingia ndani."

Kisha alinyamaza. Mdomo ulibaki wazi kidogo, kama mtu aliyetaka kupiga chafya ikamkatalia, na macho yake yalikuwa relini. Halafu alifunga mlango.

Jovelyn, mke wa mwanawe Rommel, aliolewa akaikuta desturi hiyo, akajifunza kuitika kama wengine. "Nimeingia, Mama," alijibu, kijiko mkononi. Kimya kile cha mwisho hakukiuliza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na isitoshe mwenye kimya alimjua, kwa kuwa picha yake ilikuwa pale pale kwenye meza ya sala, ubavuni mwa Bikira Maria wa plasta: mvulana wa miaka sita, masikio yamechomoza, jino la mbele limeng'oka, anacheka. Andoy, kaka yake Rommel. Rommel mwenyewe hakuwa na la kusimulia. "Mimi nilikuwa wa kubebwa," alisema, kisha akageuza mazungumzo kuwa ya pikipiki yake.

Kisa chenyewe Jovelyn alikipata kwa Pining, mama aliyeuza mahindi ya kuchemsha pale kituoni, kama kile kijukwaa cha saruji kisicho na paa kinastahili kuitwa kituo.

"Mama mkwe wako kazaliwa hapa hapa relini," Pining alimwambia, huku akipanga mahindi kwenye beseni. "Baba yake alikuwa kibarua wa kukaza misumari ya reli. Conching alikuwa akilala kitandani anakwambia, hiyo inayokuja ni ya mizigo, hiyo ni ya watu. Basi akaolewa na Isidro, mkwea minazi, Mungu amrehemu, wakapata wavulana wawili. Jumapili moja akawapeleka Naga. Hakukuwa na harusi wala msiba, ni watoto tu wapande treni waone dunia. Kurudi, mvua. Rommel kalala begani. Treni nayo hapa kwetu haisimami, inasitasita tu. Akashuka mbio mbio, akamwita Rommel, twende nyumbani. Andoy hakumwita."

"Kwa nini hakumwita?"

"Amwite wa nini? Mtoto yuko mbele yake, anaruka madimbwi!"

Jovelyn hakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Hakuna mama wa huku asiyejua. Ukitoka mahali na mtoto mdogo, iwe kisimani, iwe hospitalini, unamwita jina na kumwambia twende nyumbani, maana roho ya mtoto haina haraka. Huweza kubaki nyuma ikichezea kitu ilichokipenda, huku mwili umeshashikwa mkono unaondoka. Hata wauguzi huwaita watoto wao wakitoka nao hospitalini.

"Wiki haikuisha," Pining alimalizia. "Homa ya mbu. Watoto wengi walikwenda mwaka ule. Lakini wewe mwambie Conching kwamba ni mbu."

Baadaye vimbunga viling'oa daraja, treni zikaacha kuja. Nyasi ziliota katikati ya reli, watu wakasukumana kwa vitoroli vya mianzi juu ya vyuma vile vile. Miaka yote hiyo Lola Conching hakuacha kusimama mlangoni saa ile ile, akaitazama njia tupu. Kisha siku moja honi ikasikika tena, na mtu wa kwanza kufika kituoni, akiwa na ndala moja mguuni na nyingine mkononi, alikuwa yeye.

Ndiyo maana aliposema, "Jumapili tuwapeleke watoto Naga kwa treni," Jovelyn aligeuka kuitazama ile picha kwenye meza ya sala. Lakini Ningning, mwenye miaka mitano, alishaanza kurukaruka, na Onyok, mwenye mitatu, akaruka kwa sababu dada yake anaruka. Rommel alikuwa na abiria wake wa pikipiki. Wakaenda wanne.

Ilikuwa siku njema, hilo lazima lisemwe. Walibeba wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba, na mayai ya kuchemsha. Mlima Mayon ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni. Lola Conching aliwaweka watoto dirishani, kiti cha tatu kutoka mlangoni, upande wa mashamba ya mpunga, akakaa nao akiwa na uso ambao Jovelyn hakuwahi kuuona, uso wa msichana aliyenunuliwa kitu.

"Usitoe mkono nje," alimwambia Onyok. "Kaa vizuri. Usitoe mkono nje, nimesema! Matawi yana meno."

Kondakta akaja akipepesuka na mwendo wa behewa. "Lola, watoto wangapi?"

"Watatu. Mmoja kalala."

Kondakta aliangalia kiti, akaangalia chini ya kiti. "Wa tatu yuko tumboni? Hongera, Lola! Baba yake ni nani?"

Behewa zima likacheka. "Ni dereva!" mtu akapayuka kutoka nyuma, vicheko vikazidi. Jovelyn, masikio yakimwaka, akasema, "Wawili, kaka. Ni wawili." Lola Conching hakucheka wala hakuudhika. Alikuwa akimmenyea Onyok yai.

Huko Naga walikula kinalas, tambi za mchuzi mzito wa kichwa cha ng'ombe. Waliwafukuza njiwa wa uwanjani, wakanunua puto ambalo lilipasuka kabla ya kulizunguka kanisa. Jioni walirudi kwenye behewa lile lile na kiti kile kile. Onyok alilala begani kwa bibi yake. Karibu na nyumbani mvua ikaanza.

Treni ilipopunguza mwendo, watu waliokuwa wanapanda na waliokuwa wanashuka wakagombania mlango mmoja. Lola Conching alitangulia na mtoto begani. Jovelyn alifuata, mkoba huku, Ningning kule. Mguu wa bibi ulipogusa saruji, aligeuza kichwa kulitazama behewa, akaita kwa sauti kubwa kushinda mvua:

"Ningning, twende nyumbani! Andoy, twende nyumbani!"

Pining, aliyekuwa amejifunika gunia juu ya beseni lake, akafanya ishara ya msalaba.

Jovelyn alisikia. Alifungua mdomo amwite mwanawe mwenyewe, lakini aliwaza kwamba akiita atakuwa anamsahihisha mama mkwe mbele za watu, akasita. Alisita kiasi cha pumzi moja tu. Honi ikalia, mataa mekundu ya nyuma yakaingia kwenye mvua.

Asubuhi Onyok aliamka kimya. Hakuwa na homa. Alikula alichopewa, akaenda kukaa kwenye kizingiti, uso relini, mikono mapajani, kama mtu mzima anayesubiri kuitwa ofisini. Jovelyn alimwita aje aoge. Hakugeuka. Alimwita mara nyingine, akaenda kumshika bega, ndipo mtoto akamtazama kwa adabu, jinsi mtoto anavyomtazama mama wa jirani.

Kliniki walimpima, wakamwangalia masikio. "Mtoto hana kitu," muuguzi alisema. Kisha akainamisha kichwa na kushusha sauti. "Mlikwenda wapi naye karibuni? Mlimwita?"

Jovelyn alimbeba mtoto, akatoka.

Jioni ya siku ya tatu treni ilipopita, Ningning alikimbia uani, akainua mkono na kuupunga.

"Unampungia nani?" Jovelyn aliuliza, akifikiri ni abiria.

"Onyok."

"Onyok yuko nyuma yako, kizingitini."

Ningning alimtazama mdogo wake, kisha mama yake, kwa ule uvumilivu wa watoto wanapoona wakubwa wamechelewa kuelewa. "Huyu siye, Mama. Onyok yuko dirishani. Kila siku ananipungia."

Jovelyn aliachia nguo aliyokuwa anaikamua. Angetaka kucheka, au kumfinya mtoto kwa kusema uongo. Badala yake alitazama njia, na pale mwisho wa behewa la mwisho, kabla halijakatiza kwenye migomba, alihisi kwamba kuna mtu aliyegeuka kumtazama.

Lakini kilichomtisha zaidi hakikuwa hicho. Kilichomtisha kilikuwa furaha ya Lola Conching. Bibi aliacha kushona mchana. Alimlisha Onyok kwa mkono wake, akimfinyangia matonge ya wali kwa vidole. Alimchania nywele kwa maji, pembeni, mtindo wa zamani ambao watoto wa siku hizi hawachaniwi. Na Ijumaa, Jovelyn akiwa jikoni anachoma samaki, alisikia sauti ya mwanawe kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Ilikuwa sauti ndogo, ya kawaida kabisa.

"Mama, nipe maji."

Alikimbia na kikombe. Alimkuta Onyok amesimama mbele ya Lola Conching, amemshika sketi.

"Mama, maji," mtoto alirudia, akimtazama bibi yake.

Lola Conching hakusema mimi si mama, mimi ni bibi. Alikaa na mikono hewani, machozi yakishuka bila kelele. Kisha akapokea kikombe kutoka mkononi mwa Jovelyn, bila kumtazama, akamnywesha mtoto.

Jioni ile Jovelyn alisimama mahali ambapo angeweza kuona mlango na kizingiti kwa pamoja. Treni ikapita. Ningning akapunga mkono. Lola Conching akaja.

"Rommel, ingia ndani."

"Niko ndani, Mama, tangu zamani niko ndani," Rommel alijibu, mdomo umejaa.

"Jovelyn, ingia ndani. Ningning, ingia ndani. Onyok, ingia ndani."

Mtoto kizingitini hakutikisika. Lola Conching akafika kwenye kile kimya chake. Mdomo ulifunguka. Hakutoa sauti yoyote, Jovelyn angeweza kuapa. Na hapo hapo mtoto akageuza kichwa, haraka, akitabasamu, akanyanyuka na kuingia ndani.

Rommel hakuona kitu. Alikuwa anatoa mwiba wa samaki. Lola Conching alifunga mlango polepole, akabaki ameegemea mbao.

"Mama," Jovelyn alisema. "Jumapili twende tena Naga."

"Mvua itanyesha."

"Ilinyesha na ile Jumapili."

"Magoti yananisumbua, mwanangu. Na nina oda ya ndala."

"Ndala nitakusaidia kushona."

"Wewe? Ile uliyoishona mara ya mwisho, mwenye nayo alitembea kama bata." Lola Conching alijaribu kucheka. Jovelyn hakucheka naye, na kicheko kikaishia njiani.

"Umemwona anavyokula?" bibi akasema kwa sauti ya chini. "Hasumbui. Hajawahi kuwa mtoto wa kusumbua. Nyie hamkumjua."

Rommel aliacha kutafuna. Alimtazama mama yake, halafu picha iliyokuwa kwenye meza ya sala, halafu mtoto aliyekaa chini ya picha hiyo amechanwa nywele pembeni, akaisukuma sahani kando.

Jovelyn alipiga magoti sakafuni mbele ya mama mkwe wake, kama wanavyopiga wanapoomba baraka. Akachukua mkono wa mzee na kuugusisha paji la uso wake.

"Mama, wako namheshimu," alisema. "Lakini naomba wangu."

Lola Conching hakuuondoa mkono. Aliuacha pale kwenye paji la uso wa mkwewe mpaka samaki wakapoa. Kisha akaenda kwenye kamba ya nguo, akachukua ile fulana ya milia aliyokuwa amevaa Onyok siku ya safari. Ilishafuliwa. Aliinusa, akaikunja ndogo, akaiweka kwenye mfuko wake.

Jumapili kiti cha tatu kutoka mlangoni kilikuwa na mwenyewe. Bwana mmoja mnene alikuwa amekikalia pamoja na jogoo wake wa kupiganisha, aliyefungwa kikapuni, kichwa tu nje.

"Baba, tunaomba kiti hicho," Lola Conching alisema.

"Viti viko vingi, Lola. Hiki kina jina lako?"

"Kina jina la mjukuu wangu. Tulimsahau hapo wiki iliyopita."

Bwana yule alimtazama mtoto aliyebebwa na Jovelyn, macho yake yaliyokuwa yakitazama bila kuona, na fulana mkononi mwa bibi. Akanyanyuka mara moja, akamkumbatia jogoo wake.

"Kaeni, kaeni. Kumbe nimemkalia mtu." Akasogea mbali, akijipangusa makalio kwa heshima.

Kondakta alipofika alikuwa na utani wake tayari. "Lola! Leo wangapi? Yule wa tatu kashazaliwa?"

Jovelyn akashusha macho. Lola Conching alikuwa akiitandaza fulana ya milia kwenye ukingo wa dirisha, anainyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Wawili," alisema.

Kondakta aliona kuna kitu, akapita bila kuchekesha tena.

Njia nzima, kwenda, Lola Conching aliongea. Hakuongea nao. Aligeukia dirisha, paji la uso karibu na wavu, midomo ikichezacheza, na kelele za magurudumu zikameza kila neno. Mara moja alitabasamu. Mara moja alitikisa kichwa, kwa ukali, kama anakataa ombi. Huko Naga hawakushuka. Walikula mayai pale pale kwenye behewa likiwa limesimama tupu, huku mfagiaji akiwapita na kuinua miguu yao kwa ufagio. Onyok alikula lake akitazama mashavu ya bibi yake yanavyotembea. Treni ilipogeuza, Lola Conching alikuwa bado anaongea, na sasa hata midomo ilikuwa imechoka.

Mashamba yakapita, mpunga, minazi, nyati wa kulimia wamekaa matopeni. Ningning alilala. Jua lilikuwa chini, lakini mvua haikuwepo.

Breki zilipoanza kulia, Jovelyn alishuka kwanza na watoto, Ningning amemshika mkono, Onyok kiunoni. Lola Conching alisimama mlangoni mwa behewa, mguu mmoja ngazini, mkono mmoja umeshika chuma. Mkono mwingine ulinyoosha fulana ndani, kuelekea kiti cha tatu, kama mtu anayemwonyesha kuku mtama.

"Ningning, twende nyumbani." Sauti ilikuwa imara. "Onyok, twende nyumbani. Onyok, mtoto wa Jovelyn, shuka."

Filimbi ikapulizwa. "Lola, shuka au panda!" kondakta akapiga kelele. "Treni si ya baba yako!"

"Baba yake ndiye aliyekaza misumari ya reli hii!" Pining akajibu kutoka nyuma ya beseni lake.

"Mwacheni amalize kuita!" akasema yule bwana wa jogoo, ambaye alikuwa anarudi kwao na jogoo ana jeraha la jicho. "Hamna watoto nyie?" Akajigeuza, akazungushia viganja mdomo, akaguta ndani ya behewa: "Onyok! We Onyok! Mama yako anakusubiri, shuka!"

Mwanamke aliyebeba mfuko wa vitunguu akaita. Msichana aliyevaa sare ya duka akaita. Likawa behewa zima linaita, wengine wakicheka, wengine wakiwa na nyuso kavu kabisa, watu wasiojuana, Onyok shuka, Onyok twende nyumbani, hata kondakta mwenyewe, filimbi ikining'inia kidevuni, akasema mara moja kwa aibu, "Haya basi, Onyok, shuka, tumechelewa."

Lola Conching alivuta fulana kifuani, akaikumbatia kwa mikono miwili, akashuka bila kushika chuma. Pining alimdaka kiwiko.

Treni ikaondoka. Lola Conching hakugeuka kuitazama. Alimvalisha Onyok fulana juu ya shati, mkono mmoja baada ya mwingine, akarudi nyuma hatua.

Mtoto alibaki kiunoni mwa mama yake. Jovelyn alihesabu pumzi zake mwenyewe. Kisha alihisi kile kiuno kinalemewa, uzito ule wa kila siku aliozoea kuulalamikia, na kichwa kikaangukia shingoni mwake, chenye joto, chenye jasho.

"Mama," Onyok alisema, kwa hasira. "Nataka mahindi."

Pining alimpa hindi kubwa kuliko yote, akageuza uso afute macho kwa gunia.

Nyumbani, saa ilipofika, Lola Conching alisimama mlangoni. Aliwaita wote wanne.

"Onyok, ingia ndani."

"Niko ndani, Lola!" mtoto alijibu kwa mdomo uliojaa mahindi, kama baba yake alivyokuwa akijibu.

Hakukuwa na kimya baada ya hapo. Mlango ulifungwa papo hapo, komeo likaingia. Lola Conching alirudi kwenye kigoda chake, akachomoa sindano kwenye ndala, akalowesha uzi mdomoni. Uzi ukakosa tundu la sindano, akaulowesha tena.

Jovelyn alikuwa anaosha vyombo. Tangu aolewe hakuwahi kumuuliza mama mkwe wake neno lolote juu ya Andoy, na alijua kwamba baada ya usiku ule hatauliza jingine. Alikausha mikono kwa muda mrefu, akaja akakaa sakafuni karibu na kigoda.

"Mama," alisema. "Na yeye ulimwambia nini?"

Uzi ukaingia kwenye tundu. Lola Conching akaufunga fundo.

"Nimemwambia akae vizuri," alisema, "asitoe mkono nje."